Shemeji Hakuambiwa Zamu Imekwisha

Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Hayo walisema waliotutangulia, msasi wakimaanisha mwindaji, na mimi kwa miaka mingi nilidhani ni maneno ya kuwasema watu, kwamba mtoto hufuata nyayo na mambo kama hayo. Kumbe ni maneno ya mbwa kweli. Nimekuja kulijua hilo uzeeni, kwenye kiti changu cha kushonea viatu, kwa sababu ya mama mmoja anayeshona nguo chumba kinachotazamana na changu, na mbwa wake aitwaye Shemeji.

Nianze na huyo mama. Hapa tunamwita Bi Mkasi. Si kwa ajili ya kazi yake, maana mafundi nguo wako tele na hakuna mwingine aitwaye hivyo. Ni kwa ajili ya ulimi. Mteja akilalamika, "Fundi, mbona suruali hii inanibana?" yeye humjibu bila kuinua macho, "Suruali haijabadilika, baba. Liulize tumbo." Lakini akikushonea pindo, hulala kama limezaliwa pamoja na kitambaa. Na ana jambo moja ambalo ukikaa mbele yake hukosi kuliona: hawezi kuvumilia uzi uliolegea. Hata anapoongea nawe, kidole chake cha shahada kiko kwenye uzi, kinauvuta kidogo, kinausikiliza. Kikumbuke kidole hicho, nitakirudia.

Mumewe alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la mbao. Alikuwa mtu wa maneno machache. Jioni ungemwona anatoka na chupa ya chai kwapani na tochi ndefu mkononi, akinipungia ile tochi badala ya kunisalimu. Shemeji alikuwa mbwa wake wa huko kazini. Jina alimpa marehemu mwenyewe. Alisema mnyama huyu kaingia ghalani bila kualikwa, kala kabla ya mwenyeji, na tangu siku hiyo anamhoji kila anayepita. Sasa kama huyo si shemeji, ni nani?

Mtu huyo alipofariki, kifua ndicho kilichomwondoa, wenye ghala waliajiri mlinzi mwingine na mbwa wengine, ikasemwa yule wa zamani apigwe risasi. Habari ilimfikia Bi Mkasi akiwa bado na nguo za msiba. Aliacha nguo ya mtu chini ya sindano, akaenda kwa miguu mpaka ghalani, akarudi na mbwa amemfunga kamba ya kufungia mbao. Tulimuuliza, "Unampeleka wapi mnyama mkubwa hivyo?"

"Nyumbani kwake," alisema, akapita.

Sasa nikueleze nyumba yetu ilivyo. Vyumba vimezunguka ua, kuna mlango mmoja wa kutokea barabarani, na ngazi ya kupanda juu anakoishi mama mwenye nyumba. Chini ya ngazi, penye giza, ndipo lilipo sanduku la mita ya umeme. Sisi wapangaji Shemeji alituzoea upesi. Mgeni ndiye asiyekuwa na amani. Akitokea mtu na mfuko, mbwa alisimama mlangoni kwa fundi akinguruma toka tumboni. Wateja wakaanza kupiga simu wakiwa nje: "Fundi, nitolee nguo yangu huku." Aliyekuja kupimwa alipimwa barabarani, mikono juu kama mtu aliyekamatwa.

Halafu akaja msoma mita. Ni mtu mwembamba, mstaarabu, hapiti bila kusalimu. Aliingia, akatusalimu, akainama chini ya ngazi na tochi yake, na kabla hatujajua nini kimetokea, Shemeji alikuwa ameshaikata kamba na kumshika mguu. Damu ilitoka. Bi Mkasi alimbandua mbwa kwa mikono miwili, akamfungia ndani, akamsindikiza mtu wa watu hadi zahanati. Mbwa alikuwa amechanjwa, na hilo lilitupa pumzi kidogo. Lakini mguu wa mtu si pindo la suruali. Alimshonea suruali nyingine, akampelekea mwenyewe, na hakusema neno hata moja la kumtetea mnyama.

Mama mwenye nyumba akashuka ngazi. Akishuka yeye, jua kuna neno.

"Fundi, mimi sina ugomvi na wewe."

"Najua, mama."

"Msoma mita atarudi mwezi ujao. Akiingia akasoma mita yake akatoka salama, mbwa wako atabaki. Akishindwa kuingia, Shemeji anaondoka. Na ukiniambia hamuachani, basi mtaondoka wote wawili."

"Nimesikia, mama."

"Si kusikia tu. Humu kuna watoto."

"Nimesikia, mama."

Nisimseme vibaya yule mama, alikuwa na haki yake. Ila sote tulijua mbwa wa umri ule, wa umbo lile, aliyekwisha kung'ata mtu, hakuna wa kumpokea. Akiondoka hapa ni sindano ya mwisho.

Mimi, kwa uzee wangu, nikajitia kutoa busara. Nikamwambia, "Mwanangu, mbwa si mtoto. Mwache aende."

Akaniangalia juu ya miwani. "Baba, nani kasema ni mtoto? Huyu ni mfanyakazi mwenzake na mume wangu. Amekesha naye kuliko mimi. Siwezi kumzika mmoja halafu nimuue wa pili." Akarudi kwenye cherehani, akakanyaga kwa nguvu. Alikuwa amepiga moyo konde, na mimi nikaendelea na soli yangu.

Kesho yake alikwenda kwa daktari wa wanyama, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito kuliko yangu. Alidhani atapewa dawa ya kumtuliza mbwa. Daktari akamwambia, "Dada, ya chupa sina. Lakini unao wenzako. Njoo Jumamosi asubuhi."

Nilimsindikiza. Nilitaka niwaone hao wenzake. Tulikuta uwanja nyuma ya kliniki ya wanyama, watu wamekaa mbalimbali, kila mmoja na mbwa wake, kama ndugu waliogombania urithi wakikutana harusini. Kulikuwa na muuza nyama mwenye mabega mapana kama mlango, na miguuni kwake kimbwa kidogo mno, ungeweza kukificha ndani ya kiatu cha mvua. Nikamuuliza, huyu naye ana kosa gani?

"Mzee," alisema, "kitanda nilinunua mimi. Lakini nalala kwa ruhusa yake." Akanionyesha mikono. Ilikuwa imejaa alama za meno madogomadogo.

Hao watu wana desturi yao. Kila mmoja husimama na kusema mbwa wake amefanya nini juma hilo, bila kumtetea na bila kumlaani. Na hakuna ruhusa ya kucheka mpaka mwenye mbwa acheke kwanza. Niliona ni mchezo wa kitoto, mpaka nilipouelewa. Mwenye mbwa mkali huishi na aibu. Hupita vichochoroni, hutoka alfajiri asionekane, husema "samahani" hata mbwa akiwa amelala. Sasa kukaa na watu wanaokungojea mpaka wewe mwenyewe uwe tayari kucheka, hilo si jambo dogo.

Zamu ya Bi Mkasi ikafika. Yule yule mwenye ulimi wa mkasi alisema kwa sauti ya mtu aliyefumaniwa, "Amemng'ata msoma mita." Akakaa. Hakucheka, na hakuna aliyecheka.

Baadaye daktari alimwambia muuza nyama amshike Shemeji, na mtu mwingine apite kwa mbali. Shemeji akamtazama yule mtu, akapiga miayo. Kamba ikarudi kwa Bi Mkasi, mtu yule yule akapita pale pale. Mbwa akasimamisha manyoya ya mgongoni hata kabla mtu hajafika. Wakarudia, ikawa vile vile. Nilimwona Bi Mkasi uso unamshuka.

"Basi ni mimi," alisema. "Ananichukia mimi."

"Hakuchukii," alisema muuza nyama. "Tatizo ni kamba. Umeikaza kabla mtu hajatokea, hata pumzi haipiti."

"Uzi ukilegea mshono unaharibika."

"Dada, huyu si suruali."

Kila mtu akatazama viatu vyake. Muuza nyama mwenyewe alionekana anatamani aimeze kauli yake. Kimbwa kikapiga chafya. Kisha nikaona mabega ya Bi Mkasi yanatikisika, nikadhani analia, kumbe kicheko kinapanda. Alicheka mpaka akafuta miwani, na hapo ndipo uwanja mzima ulipoangua kicheko, na mbwa wote wakabweka.

Daktari akamweleza taratibu. Mbwa husikia kwa kamba. Ikikazwa, ni kama umemwambia, adui huyo anakuja. "Mkono wako unamwambia hatari, mdomo wako unamwambia nyamaza. Wewe ungeamini kipi?"

Jioni ile alikuja kwenye kiti changu. "Baba, nishonee kiatu cha mdomo." Alitaka kifungio cha kumvalisha Shemeji asiweze kung'ata, ila daktari alisisitiza kiwe na nafasi mbwa apanue mdomo, ahemee na kunywa maji. Nikakishona kwa vipande vya ngozi kama kikapu. Kwa siku kadhaa hakumvalisha kabisa. Alimlishia humo tu, kipande cha nyama ndani ya kikapu, mpaka mbwa akawa anakitia mdomo mwenyewe kama mtu anayevaa kofia yake ya kazini.

Lakini jambo la kamba ndilo lililotushangaza. Kamba halisi, nene, aliifunga kiunoni mwake na kuiacha ining'inie imelegea. Mkononi akashika uzi. Ndiyo, uzi mwekundu wa kushonea, mwingine hapana, umefungwa kwenye ukanda wa shingo ya mbwa. Nikamuuliza, "Mwanangu, uzi utamzuia mnyama huyu?"

"Hautamzuia yeye, baba. Utanizuia mimi. Ukikatika, nimevuta."

Akatoka naye barabarani mchana kweupe. Unajua watu walivyo.

"Bi Mkasi, umeishiwa kamba?"

"Huyo mbwa umemshona au umemtarizi?"

Na yeye: "Pita, baba. Pita polepole kabisa, unanifanyia mazoezi bila kujua."

Uzi ulikatika. Ukafungwa, ukakatika tena. Kamba hukatikia pabovu, wanasema, na pabovu palikuwa kile kidole chake. Akimwona mtu tu, kidole kinavuta, tap, uzi huo chini. Alikuwa anasimama, analamba ncha, anafunga upya, anaendelea. Akirudi, ukanda wa Shemeji ulikuwa na vishungi vyekundu pande zote kama zulia. Nilimwona siku moja ameketi kizingitini anakitazama kidole chake kama mzazi anavyomtazama mtoto mtukutu. Kesho yake akatoka tena.

Polepole uzi ukaanza kudumu. Alipita mtu na mfuko, ukadumu. Akapita mwenye mwavuli, ukadumu. Wateja wawili waliingia ndani wakapimwa kama wanadamu. Sote tukaona mambo yamekaa sawa.

Jumamosi moja baada ya hapo daktari akamuuliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa ameliuliza. "Kabla hajamshika, yule msoma mita alikuwa anafanya nini?"

"Anasoma mita."

"Anasomaje?"

"Ameinama, pale kuna giza, amewasha to..." Bi Mkasi hakumaliza. Aliinuka, akaniambia, "Baba, rudi na Shemeji nyumbani," akaondoka haraka.

Alikuwa amekwenda ghalani, kumtafuta mtu aliyekuwa zamu moja na mumewe. Akamkuta. Yule akamwambia kwamba marehemu alikuwa hampigii mbwa kelele hata siku moja, kazi yote ilikuwa kwenye tochi. Ikiwashwa, mbwa yuko kazini, na mwenye kuinamisha mwanga kwenye kona za giza akiwa si bwana wake, huyo ni mwizi. Asubuhi marehemu aliizima, akailaza chini mbele ya mbwa. Mbwa alilala juu yake, kidevu kwenye tochi, na hapo ndipo walipokunywa chai.

Tochi ile ilikuwa bado inaning'inia msumarini chumbani. Bi Mkasi aliitoa vumbi, akatia betri, akanipa mimi. Alishika uzi, Shemeji amevaa kiatu cha mdomo. Nikawasha. Mnyama alisimama wima, masikio mbele, uzi ukakatika hapo hapo. "Zima, baba. Ilaze chini." Nikailaza. Shemeji akaja, akainusa toka mwanzo hadi mwisho. Kisha akashuka polepole kama mzee mwenye magoti mabovu, akaweka kidevu juu yake, akashusha pumzi ndefu sana.

Bi Mkasi alikaa sakafuni kando yake. "Unaona, baba? Tangu mwenzake aondoke hakuna aliyeweka tochi chini. Huyu yuko zamu mpaka leo." Mimi, kabla ya kushika viatu, nilistaafu kazi ya kuajiriwa kwa kusainishwa karatasi na kupewa mkono. Shemeji hakuna aliyemwambia.

Tulifanya mazoezi ya kuwasha na kulaza, kuwasha na kulaza. Lakini tochi mkononi mwangu si tochi mkononi mwa mtu aliyekwisha kung'atwa. Bi Mkasi akamfuata msoma mita kazini kwake.

"Kaka, nakuomba jambo moja tu. Ukiingia, laza tochi chini kwanza."

"Mama, mimi nimeajiriwa kusoma mita. Mbwa siwasomi."

"Ni kuilaza tu."

"Yaani niingie kwa mbwa wako mikono mitupu?" Akaendelea na kazi yake, na hakusema ndiyo wala hapana.

Siku ikafika. Tulijua kwa sababu mama mwenye nyumba alikaa juu ya ngazi tangu asubuhi, amejifunga kitambaa kichwani kama anakwenda mahakamani. Wapangaji walisimama milangoni. Muuza nyama alikuwa amefunga bucha, akaja na kimbwa chake amekitia ndani ya koti. Bi Mkasi alisimama katikati ya ua, kamba kiunoni, uzi mwekundu mkononi, Shemeji na kiatu chake cha mdomo.

Msoma mita akatokea mlangoni. Mkono mmoja fimbo, mkono mwingine tochi, na tochi inawaka mchana ule, nadhani kwa hofu hata hajui ameiwasha lini. Shemeji akainuka. Masikio yakaenda mbele. Uzi ukanyooka.

Mimi nilikitazama kidole. Kilitaka kuvuta, nakuambia nilikiona kinataka. Naye akakipeleka mbele, pamoja na mkono, pamoja na mwili, hatua moja kuelekea kwa mbwa, na uzi ukalegea ukajikunja hewani.

"Kaka," alisema, "ukiweza."

"Na nisipoweza?"

"Usipoweza nenda salama. Hakuna atakayekulaumu."

"Fundi, nilisema," alianza mama mwenye nyumba kutoka juu.

"Ulisema, mama. Nilisikia."

Msoma mita alikuwa anaangalia mkono wa Bi Mkasi. "Mama, umemfunga mbwa huyu kwa uzi?"

"Kamba iko kiunoni, kaka. Uzi ni wa kunifunga mimi."

Sijui ni kitu gani katika jibu hilo kilichomgusa. Kisha akaegemeza fimbo ukutani, akazima tochi, akachuchumaa, jasho linamtoka, akailaza chini na kuisukuma kidogo. Ikabingirika mpaka katikati ya ua. Shemeji akaiendea. Akainusa. Akatuangalia sote kwa zamu, kama anahakikisha. Akalala, kidevu juu ya tochi, na ile pumzi ndefu ikatoka tena, safari hii mpaka kwangu nikaisikia.

Msoma mita alipita ukutani, mgongo umebanwa kwenye ukuta, akaingia chini ya ngazi. Halafu sauti yake ikatoka gizani:

"Sasa nitasomaje? Tochi si amelalia yeye!"

Hakuna aliyecheka. Mimi na muuza nyama tulimtazama Bi Mkasi, kwa mazoea ya Jumamosi, na wapangaji nao, bila kuambiwa, wakamtazama. Mabega yakaanza kutikisika. Alipocheka yeye, nyumba nzima ilicheka, na chini ya ngazi msoma mita alikuwa anacheka kuliko sote.

Mpangaji mmoja akatoa simu aangaze. "Asiwashe mtu simu!" alipiga kelele mama mwenye nyumba. "Mnataka kumrudisha kazini?" Akaingia ndani, akashuka na mshumaa, akaushika mwenyewe chini ya ngazi, nta ikimdondokea vidoleni, mpaka tarakimu ya mwisho iliposomwa.

Msoma mita akatoka, akasimama mbali na tochi yake. "Naichukuaje?"

"Ngoja kwanza tutoke," alisema Bi Mkasi. Akamwita Shemeji kwa jina, kwa sauti ya chini, na mbwa akainuka akamfuata chumbani, uzi umelegea njia nzima. Nyuma yao mtu yule akaokota tochi yake, akaitia mfukoni bila kuiwasha.

Mama mwenye nyumba alipuliza mshumaa. "Fundi," aliita, "mwezi ujao nitauandaa mapema." Akapanda ngazi zake.

Bi Mkasi alikaa kwenye cherehani, Shemeji miguuni. Akaupapasa uzi toka kidoleni hadi kwenye ukanda, akaona ni ule ule aliofunga asubuhi. Akainama, akaukata kwa meno karibu kabisa na fundo, kama mafundi wanavyokata mshono ukishakamilika.